Pamba Hakuambiwa Aache Lini

Kila jioni, saluni ilipofungwa, kinyozi mmoja alirudi nyumbani na mfuko wa taulo chafu. Mkewe aliupokea mlangoni. Alizikung'uta taulo nje kwanza, moja moja, kisha akaziloweka. Nywele za wateja zikiingia kwenye beseni la nguo za watoto, nyumba nzima hujikuna wiki nzima.

Watu walimwita kinyozi huyo Pamba, kwa sababu ya mkono wake laini. Vinyozi wengine pale saluni walitumia mashine tu. Pamba alinyoa ndevu na shingo kwa wembe, na mteja alisinzia kitini bila wasiwasi. Saluni ilikuwa ya kaka yake, lakini kiti kilichopangiwa foleni kilikuwa cha Pamba.

Siku moja mkewe aliona damu kwenye taulo. Kesho yake akaiona tena, na safari hii taulo zilikuwa tatu.

"Baba Watoto, leo ulikuwa kinyozi au mchinjaji?" akamtania.

"Wembe mbaya," Pamba alijibu. Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

Kisha akakaa kula. Pamba alikula mara moja tu kwa siku, na mara hiyo ilikuwa usiku. Mchana wateja hawakumpa nafasi. Alishinda na kahawa chungu, kikombe baada ya kikombe, amesimama. Usiku alijaziwa sahani mpaka chakula kikamwagika pembeni. Akimaliza, alimeza kidonge chake cha kiungulia na kujilaza. Kifua kikiendelea kuwaka, aliongeza cha pili.

Vidonge hivyo alikuwa navyo kila mahali. Kopo moja lilikaa nyumbani. Kopo lingine lilikaa saluni, mbele ya kioo, kati ya poda na chupa ya spiriti. Mteja akilalamika kwamba tumbo linamchoma, Pamba alimpa kidonge bure, kama mwingine anavyotoa pipi. Watu walimsifu kwa ukarimu huo.

Tuseme ukweli, vidonge hivyo vilimsaidia mwanzoni. Alikwenda kwenye zahanati moja akiwa hawezi kulala kwa kiungulia. Akapewa vidonge vya kupunguza asidi ya tumboni, vya wiki chache. Akapona. Vilipokwisha, kiungulia kikarudi kwa kishindo. Akaenda duka la dawa akiwa na pakiti tupu mkononi.

"Nipe kama hizi," alisema.

"Kama hizi zipo," alijibu muuza dawa.

"Naweza kuendelea nazo?"

"Endelea tu, bosi. Hizi hazina madhara. Zinalinda tumbo."

Maneno yalikuwa hayo tu. Hakumuuliza anaumwa nini. Hakumuuliza ameanza lini. Kila Pamba alipojaribu kuacha, moto ulimrudia ndani ya siku mbili, naye akajiona mgonjwa wa maisha. Alikuwa ameanza vidonge hivyo kitindamimba wao akiwa bado ananyonya. Sasa mtoto huyo alikuwa darasa la tano. Katika miaka yote hiyo Pamba aliingia duka lile mara nyingi kuliko alivyoingia nyumbani kwa mama yake, na hakuna aliyemwuliza swali hata moja. Mimi ninayeandika hadithi hii ni mwelimishaji wa afya, na hapa hasira inanipanda. Duka linamjua mteja mpaka kwa jina la utani, lakini tumbo lake halina habari nalo!

Ganzi ilianzia kwenye vidole vya miguu. Pamba alidhani ni viatu, akanunua vingine. Kisha ikapanda kwenye vidole vya mikono. Akishika wembe, ni kama ameushika kwa glavu nene. Akaanza kuyumba anapotembea, hasa palipo na giza. Ulimi ukawa mwekundu na unauma. Alichoka kabla ya saa sita mchana. Alimficha kila mtu jambo hilo. Kinyozi wa wembe atamwambia nani kwamba hahisi vidole vyake?

Siku ikafika. Kitini alikuwa mwalimu wa shule ya jirani, mteja wa siku nyingi. Pamba alikuwa anamalizia chini ya sikio. Wembe ukateleza. Mwalimu akaruka, damu ikashuka mpaka kwenye kola ya shati jeupe.

"Pamba! Una nini wewe?"

Pamba akarudi nyuma, akayumba, akajishika kwenye kioo. Chupa ya spiriti ikaanguka ikammwagikia shati zima. Kaka yake akaja mbio. Akamwangalia mdogo wake anavyoyumba. Akamnusa.

"Umekunywa," alisema kaka.

"Kaka, mimi? Hii ni spiriti ya kufutia wembe!"

"Ndiyo hiyo unayokunywa?"

Watu wakacheka. Hilo ndilo lililomuuma Pamba kuliko yote. Hajawahi kuonja pombe maishani. Lakini maneno hayahitaji nauli. Kabla jua halijazama, mtaa mzima ulijua kwamba Pamba anapiga maji, tena anaanza asubuhi. Waliosema hivyo walikuwa walewale waliokuwa wanakula vidonge vyake vya bure.

Jioni kaka mtu akaja nyumbani. Hakukaa.

"Shemeji," alimwambia mke wa Pamba, "mumeo apumzike. Kile kiti nitamweka mtu mwingine. Siwezi kusubiri mpaka amchinje mtu."

"Apumzike na nini, shemeji? Na ulevi asioujua?"

"Mtaa mzima umemwona anavyoyumba."

"Mtaa umemwona anavyoyumba. Mtaa umeuliza anaumwa nini?"

Kaka akatazama pembeni. "Mkono wake ukirudi kama zamani, aje. La sivyo, kiti hakipo." Akaondoka.

Mke alifunga mlango kwa kishindo. Ndani, Pamba alikuwa amekaa kitandani, anakunja na kukunjua vidole. Hakujua kazi nyingine. Alijifunza wembe kwa marehemu baba yake, na mkono huo ndio uliomjengea jina.

"Kesho tunakwenda hospitali," alisema mke.

"Kwa ganzi tu?"

"Kwa ganzi, kwa kuyumba, na kwa jina lako. Usinijibu."

Hospitalini walimkuta daktari wa kike, mtu wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alimsikiliza Pamba bila kumkatiza. Kisha akamwambia asimame, miguu pamoja, afumbe macho. Pamba akaenda upande mara moja, na daktari akamdaka. Akamgusa vidole vya miguu kwa kijiti chenye ncha.

"Nimegusa wapi?"

"Bado hujagusa, daktari."

Daktari alikuwa amegusa mara tatu.

"Unakunywa pombe?" aliuliza.

Mke akasimama. "Na wewe tena, daktari!"

"Kaa, mama. Namuuliza kila mtu. Akijibu, nitaandika alivyojibu."

"Sinywi," alisema Pamba. "Sijawahi."

"Sawa. Unatumia dawa gani?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna. Labda vile vidonge vya kiungulia. Lakini hivyo si dawa, ni kawaida yangu tu."

Daktari akainua uso. "Kawaida yako tangu lini?"

Pamba akamweleza habari za kitindamimba. Daktari akaweka kalamu chini.

"Nani alikwambia uendelee kwa miaka yote hiyo?"

"Daktari," alisema Pamba kwa upole, "hakuna aliyeniambia niache."

Daktari akachukua tena kalamu. Kisha akaagiza vipimo vya damu: vitamini, sukari, figo, madini. Akaandika pia Pamba apimwe kwa kamera ndogo inayoteremshwa kooni, maana kiungulia cha miaka mingi lazima kichunguzwe. Alikuwa anataka kuongeza neno, lakini muuguzi akafungua mlango kwa haraka. Mama mmoja aliyekuwa akijifungua alikuwa katika hali mbaya. Daktari akatoka mbio.

"Rudini majibu yakitoka!" alisema akiwa tayari nje. "Nadhani vile vidonge vinahusika!"

Mke hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Walipofika nyumbani, alichukua kopo, akaenda chooni, akamwaga vidonge vyote. Akaenda na saluni, akachukua kopo la mbele ya kioo mbele ya macho ya shemeji yake, akalimwaga pia.

"Sumu hii!" alisema. "Imemmaliza mume wangu!"

Siku ya pili Pamba hakuweza kunyooka. Kifua kiliwaka mpaka kooni. Maji machungu yalimjia mdomoni. Kila alichomeza kilirudi. Alikaa kwenye kigoda ameinama, jasho linamtiririka, na mkewe akimpepea kwa mfuniko wa sufuria.

"Mama Watoto," alisema kwa shida, "nitafutie kidonge kimoja tu."

"Nimevimwaga vyote!"

"Hata kimoja hakikubaki?"

Majibu yalipotoka walirudi kwa daktari, Pamba ameshikilia kifua. Mke akaeleza alichofanya, pamoja na kumwaga kopo la saluni ambalo Pamba aliwagawia wateja bure. Daktari akavua miwani.

"Kosa hilo ni langu," alisema. "Nilipaswa kuwaambia siku ileile: usiache ghafla. Nilitoka mbio nikawaacha na nusu ya neno. Nisameheni."

Mke alikuwa amejiandaa kugombezwa. Hakutarajia kuombwa msamaha. Kisha hasira ikamrudia.

"Kwa hiyo hata wewe! Mume wangu ataambiwa lini jambo zima?"

"Leo," alisema daktari. Akafunga mlango kwa ufunguo. "Leo mtaambiwa lote. Na msiloelewa, niulizeni mpaka mchoke."

Akasogeza kiti karibu nao.

"Asidi ya tumboni si adui. Ina kazi. Inaua vijidudu tunavyovila bila kujua. Inasaidia kutoa vitamini na madini kwenye chakula. Matatizo huanza inapopanda kooni au inapochoma kidonda. Hapo tunaipunguza kwa vidonge hivi. Ni dawa nzuri. Imeokoa watu wengi."

"Nzuri!" mke alifoka.

"Nzuri, mama, kwa mtu anayeihitaji na kwa muda unaotakiwa. Mumeo alipewa ya wiki chache. Ameimeza kwa miaka, tena mara mbili ya kipimo, na hakuna aliyemfuatilia. Asidi ikipungua muda mrefu hivyo, mwili wa baadhi ya watu hushindwa kuchukua vitamini moja iliyo kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Inaitwa vitamini B12. Mishipa ya fahamu inaihitaji. Damu inaihitaji. Ya mumeo imekwisha karibu yote."

"Ndiyo ganzi?" aliuliza Pamba.

"Ndiyo ganzi. Ndiyo kuyumba. Ndiyo ulimi na uchovu. Sukari yako ni nzuri. Figo ni nzima. Madini yanayoitwa magnesiamu yamepungua kidogo. Tutakupa na hayo."

Pamba akamtazama mkewe. Macho yake yalijaa machozi.

"Kwa hiyo mimi si mlevi."

"Hujawahi kuwa," alisema mke kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye aliyebishiwa.

"Yapo madhara mengine?" aliuliza Pamba.

"Yapo. Si kwa kila mtu, na mengi si ya kawaida. Lakini mgonjwa ana haki ya kuyajua. Mifupa ya wengine huvunjika kwa urahisi zaidi. Wengine hupata kuhara kukali, kwa sababu vijidudu havifi tumboni. Wachache huumwa figo. Na kidonge kinaweza kuficha ugonjwa mkubwa. Wale wateja uliokuwa unawapa bure, ulijua wanaumwa nini?"

Pamba akainamisha kichwa. "Nilidhani nawasaidia."

"Najua. Ukirudi, waambie: anayetapika damu, anayepata choo cheusi, anayekwamwa na chakula akimeza, au anayekonda bila sababu, aje hospitali siku hiyohiyo. Asikimbilie kidonge."

"Na hii ya kuwaka?" Pamba aligusa kifua. "Nikiacha ndiyo nakufa?"

"Hufi. Tumbo lilizoea kuzuiwa. Ukiliachilia ghafla, linamwaga asidi kuliko mwanzo. Wewe ukadhani ugonjwa umerudi, ukakimbilia dukani. Ndivyo ulivyonaswa miaka yote."

Pamba alishika tama. Kumbe kila alipojaribu kuacha, alikuwa karibu kufika, na hakuna aliyemwambia avumilie kidogo.

Majibu ya kamera nayo yalikuwa yametoka: haikuonyesha kidonda wala jambo baya. Pamba hakuwahi kutokwa damu tumboni. Hakuwa akitumia dawa za maumivu zinazochubua tumbo. Kwa hiyo daktari aliona anaweza kuachishwa. Alimrudishia kidonge kimoja tu kwa siku, asubuhi, nusu saa kabla ya kula, si kitandani tumbo likiwa limejaa. Baada ya wiki kadhaa kingepunguzwa, kisha kuachwa. Kifua kikiwaka katikati, kuna dawa ya maji ya kutuliza. Akaanzishiwa sindano za vitamini.

Msomaji, huo ni mpango wa Pamba. Usiuchukue ukaufanya wako. Wapo watu wanaotakiwa kumeza vidonge hivi kwa muda mrefu, na wakiacha watatokwa damu. Wewe muulize daktari wako.

"Na chakula?" aliuliza mke.

"Hapo ndipo kwenye kazi," alisema daktari. "Baba, utakula mchana."

"Wateja, daktari..."

"Wateja watasubiri. Wana nywele, hawana moto. Usiku ule kidogo, mapema, ukae saa mbili au tatu kabla ya kulala. Punguza kahawa. Inua kitanda upande wa kichwa, weka matofali chini ya miguu ya kitanda. Mito peke yake haitoshi."

Kabla hawajatoka, Pamba aliuliza swali lililokuwa limemkaa kooni.

"Mkono wangu utarudi?"

Daktari hakumdanganya. "Utarudi kwa sehemu kubwa, nadhani. Mishipa hupona polepole. Ungekawia zaidi, nisingekuahidi kitu. Huenda ganzi kidogo ikabaki."

Kutoka pale, mke hakwenda nyumbani. Alikwenda duka la dawa. Alimkuta muuza dawa anamhudumia mama mmoja mwenye pakiti tupu ya vidonge vilevile.

"Endelea tu, mama," muuza dawa alikuwa anasema. "Hizi hazina..."

"Malizia!" alisema mke wa Pamba kutoka mlangoni. "Hazina nini?"

Muuza dawa akashtuka. "Dada, subiri zamu yako."

"Nimesubiri miaka! Mume wangu hahisi vidole. Kiti chake kimechukuliwa. Ameitwa mlevi. Na wewe ulimwambia hazina madhara!"

"Mimi nauza tu. Mteja akitaka..."

"Mteja alikuuliza! Alikuuliza kama anaweza kuendelea. Kama hujui, si ungesema hujui? Neno 'nenda kwa daktari' linakupunguzia nini?"

Muuza dawa akapanga vichupa ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa. Yule mama akaiangalia pakiti yake kwa hofu.

"Basi na mimi niache leo?"

"Usiache leo!" alisema mke wa Pamba haraka. "Mimi nilivimwaga chooni, mume wangu nusura azimie. Nenda hospitali na hiyo pakiti. Uliza: natumia dawa hii kwa ugonjwa gani? Mpaka lini? Nani atanipima? Wakikwambia uendelee, endelea. Lakini uambiwe na mtu aliyekupima."

Mama yule alirudisha pakiti kwenye mkoba. Muuza dawa hakuomba radhi siku ile. Nasikia sasa anawauliza wateja wameanza lini. Ni jambo jema, lakini limechelewa, nami sitampigia makofi.

Nyumbani kitanda kiliinuliwa. Watoto walicheka kwamba baba analala mlimani. Wiki za kwanza zilikuwa ngumu. Baadhi ya siku Pamba aliiangalia njia ya dukani kwa muda mrefu, lakini hakuifuata. Moto ukapungua, ukawa wa mara mojamoja. Baadaye vidonge vikaachwa kabisa. Ulimi ukapona. Nguvu zikarudi. Kuyumba kukaisha. Miezi ilipita kabla vidole havijaanza kuwashwa, na daktari akafurahi, akasema hiyo ni dalili nzuri, mishipa inaamka.

Pamba akaanza mazoezi. Alipuliza puto, akalipaka sabuni, akalinyoa kwa wembe. La kwanza likapasuka, watoto wakashangilia. La pili likapasuka. Alinyoa maputo mpaka mkewe akasema nyumba imekuwa ya sherehe isiyo na wageni. Siku moja alinyoa puto zima, juu mpaka chini, na halikupasuka. Kidole kidogo tu ndicho kilichobaki na ganzi.

Asubuhi iliyofuata alikwenda saluni, mkewe nyuma yake. Saluni ilijaa. Mwalimu alikuwepo, anasubiri mashine. Kaka mtu akamwangalia mdogo wake anavyotembea, wima, bila kuyumba.

"Nilisikia habari za daktari," alisema kaka kwa sauti ya chini. "Lakini watu wataogopa. Nani atakubali wembe wako?"

"Ulisema mkono ukirudi, nije," alisema Pamba. "Wa kwanza utakuwa wewe. Kaa."

Kaka akatazama huku na huku. Hakukuwa na pa kukimbilia. Akakaa kwenye kile kiti. Pamba akamfunika, akampaka sabuni, akafungua wembe mpya. Akaanza chini ya sikio, palepale alipomkata mwalimu. Wembe ukashuka taratibu. Mwalimu alikuwa amesimama kuona vizuri. Shavu la kwanza likatoka safi. Shavu la pili likatoka safi. Pamba akakiinua kidevu cha kaka yake.

Kaka akafumba macho. "Mdogo wangu," alinong'ona, "nilikosea. Nisa..."

"Shemeji, paza sauti!" alisema mke wa Pamba. "Ulevi ulimtangazia mbele ya watu. Msamaha unamnong'oneza?"

Kaka akafungua mdomo kupaza sauti. Pamba akamshika kidevu, kwa upole, asijitikise.

"Tulia, kaka," alisema. "Utasema nikimaliza. Sasa hivi niko kooni."